Samaki Muzima kwa Mutoto wa Asima

Uvumi ulitoka Bihambwe ukamuganda Mama Adelaïde kama moshi kwa nguo: kuko mutoto alimezeshwa tilapia, samaki ingali hai, ili asima, ugonjwa ya kukosa pumzi, ipone, miba ikafunguka kwa koo. Jina ya mutoto, hakuna aliyejua. Ila yeye alijua tilapia ya pili iko wapi: nyumbani kwake, ndani ya beseni, mama-mukwe aliichunga kwa ajili ya Kétsia, binti yake mwenye kukosa pumzi.

Pale Mama Adelaïde anapouzisha chai, kwa mulango ya nyumba yake Kashebere, Papa Kanyamibwa alikuwa anahubiri. Wanamuita Docta, kwani kila ugonjwa anasema anajua dawa yake.

“Samaki inashuka inaogelea, inakula makohozi yote!”

“Kiisha inapanda na moto ya nani?” Turbo, dereva wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, aliuliza. “Docta, kifua ni étang, bwawa ya samaki?”

“Cheka tu. Babu yangu alimeza.”

“Na alikufa na nini?”

“Asima. Lakini bila kukohoa!”

Benchi nzima ikalia kwa kicheko. Mama Adelaïde akaweka birika chini.

“Docta, ni wewe njo ulimufundisha mama-mukwe?”

“Njo mimi. Utanishukuru, mama.”

Mama Adelaïde akaingia nyumbani, akarudi na beseni. “Basi anza wewe. Ikipita muzuri, Kétsia atafuata.”

Docta akachungulia. Samaki ikasimamisha miba ya mugongo kama kisanulo ya nywele.

“Mi sina asima.”

“Na ile filimbi ya kifua, ukipanda mulima ya Muheto?” Turbo akasema.

“Ile ni tumbaku!”

Mama-mukwe Emérita akatokea mulangoni, mikono kiunoni. “Kanyamibwa, uliniapia ulimeza mbili. Ya tatu itakushinda?”

Docta akashika kofia. “Aa! Ngombe yangu imeingia kwa maharagi ya watu!”

“Ngombe gani? Uko na sungura!” Turbo akamupigia kelele.

Docta alikwisha kukata kona.

Emérita akatazama beseni, akamutazama Kétsia aliyesimama nyuma yake. “Mukwe, leta mawese. Hii samaki itaponya njaa yetu, ndani ya sufuria.”

Bamama, hii musifanye:

Musimezeshe mutoto samaki muzima, hata kadogo namna gani. Inanasa kwa koo ao inafunga pumzi.

Samaki mubichi pia hapana, inaweza kuwa na minyoo.

Mwiba ukinasa, musisukume na bugali, musiingize kidole. Mumupeleke mutoto hospitali.

Musimuachishe dawa ya munganga wa hospitali.

Na kifua kikifunga, mumukimbize hospitali, musingojee Docta wa kwa chai.