Meza ya Dirishani na Kopo la Maua

Jumatatu, 3 Machi

Mzee wa meza ya dirishani anastaafu Ijumaa hii! Ametangaza mwenyewe asubuhi, huku akifuta vumbi kwenye kioo cha dirisha kwa mkono wa shati. Wenzangu wakasema pole, kisha hongera. Mimi nilianza na hongera.

Meza ile! Miaka yote natazama ukuta wa kijani wenye ufa. Dirishani kuna mawingu. Kuna paa la jirani na njiwa wake, na mti unaotikisika hata pasipo upepo. Nimeiota meza hiyo mara nyingi. Kwenye ndoto kiti chake hakilii.

Bosi kasema ataipata mchoraji atakayefanya kazi safi wiki hii. Wachoraji wa vyombo kwa kompyuta tunaobaki ni wawili. Mimi, na Bi Unywele, tunayemwita hivyo kwa sababu kosa la unene wa unywele linamnyima raha siku nzima. Yeye kapewa mfuniko wa ndoo. Mimi nimepewa kopo la kumwagilia maua: mdomo mrefu, na mwisho wake kichwa chenye matundu madogo madogo ya kunyunyizia. Ijumaa mashine yetu ya kuunda vitu vya plastiki italitoa, na mteja, mama anayeuza miche, anakuja kulijaribu.

Mfuniko wa ndoo! Nimecheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri. Bi Unywele alipoondoka kwenda kuchemsha chai, nilipita mezani kwake nikijifanya natafuta kalamu. Kwenye skrini yake kilikuwa wazi kile kisanduku cha usahihi wa mchoro, ambacho mimi sijawahi kukigusa. Nambari yake: sifuri, nukta, sifuri, sifuri, halafu kamoja kadogo mwishoni. Masikini! Sifa zote zile, kumbe ana usahihi kiduchu namna hii!

Nikarudi kwangu taratibu. Nikafungua kisanduku changu. Nikaweka mbili. Mbili nzima! Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Nikaijibu ndiyo kwa sauti, Mzee akageuka kunitazama.

Na maajabu yakatokea. Kopo langu, lililokuwa likigeuka kwa kukwamakwama, likaanza kuelea. Naligusa kidogo tu kwa kipanya, linazunguka polepole, laini, mpaka naona usingizi mtamu. Nikajiona nimekaa ndani yake, napita juu ya paa la njiwa, nanyunyizia mji mzima. Chai yangu ilipoa bila kuonjwa. Usahihi ni kitu kitamu jamani.

Jumatano, 5 Machi

Bi Unywele kaniuliza kwa upole kama nimelikagua kopo kwa karibu. Wivu! Nikamwambia asante dada, nimeshaongeza usahihi, kwangu shwari. Akauliza nimeongeza vipi. Nikasema hiyo ni siri yangu. Akatikisa kichwa akarudi kwenye mfuniko wake.

Nimelikagua hata hivyo. Kichwa cha kopo kinang'aa, hakina hata doa. Nimelituma mashineni.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba nakaribia kupata dirisha. Akauliza nitafanya nini hapo dirishani. Nikasema kazi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Eti hata hapa kwetu nikikaa dirishani sufuria inaungua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuhama kimyakimya. Leo kikombe tu. Nimekiweka dirishani, karibu na kioo, kama kimesahaulika. Mzee akanikuta nimekalia kiti chake. Nikasema nakagua kama kimelegea. Kinalia kidogo. Nitakitia mafuta.

Wingu moja lilipita lenye umbo la kopo. Nimelichukulia kuwa dalili njema.

Ijumaa, 7 Machi

Laiti nisingeamka.

Mteja alifika, udongo kwenye kucha. Bosi akajaza maji, akaliinamisha kopo juu ya ua la ofisi. Kimya. Akainamisha zaidi. Maji yakamwagika kwa juu, pale pa kujazia, yakaingia yote kwenye viatu vyake. Mteja akapapasa kichwa cha kopo kwa kidole, akauliza kwa utulivu matundu yako wapi. Nikasema mashine imeyala. Bosi akataka mchoro ufunguliwe. Hayakuwemo. Hata moja!

Bi Unywele akaeleza. Nambari ile, kasema, ni ukubwa wa kitu ambacho kompyuta inaruhusiwa kukipuuza. Nambari ikiwa ndogo, inaona hata vidogo. Mimi nimeiambia mbili, basi kila kisichofika milimita mbili imekiona si kitu, ikakiziba. Ndiyo maana kopo likawa jepesi kugeuka. Alieleza bila hata kufurahi, na hilo ndilo lililoniuma. Bosi akauliza kwa nini sikuuliza. Nikainama kumfutia viatu kwa mkono wa shati.

Mteja atarudi Jumatatu. Meza kapewa Bi Unywele palepale. Nimechukua kikombe changu dirishani nikakirudisha ukutani. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda ofisini peke yangu kurekebisha. Nikaweka nambari ndogo kuliko ya Bi Unywele, makusudi, sifuri zikafuatana mpaka kisanduku kikajaa. Sasa tuone!

Kompyuta ikaanza kufikiri. Kiduara kikazunguka katikati ya skrini. Kikazunguka, kikazunguka. Nikaona njiwa wanazunguka nacho, mmoja akaniita kwa jina akaniuliza kama ua limekunywa. Nilipozinduka shavu lilikuwa limebandikana na meza, na kompyuta imeganda kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Unywele kafika mapema, kaniondoa kitini kwa upole, kaweka nambari ya wastani. Matundu yakarudi yote. Mashine ikatoa kopo jipya, na mteja alipokuja kuliinamisha, mvua nyepesi ikaliangukia ua la ofisi. Mama yule akatabasamu. Hata Bosi, ndani ya viatu vya kuazima.

Kisha likatokea jambo ambalo sikuliota. Bi Unywele kasema dirisha halimfai. Mwanga wote unapiga kwenye skrini, haoni mistari. Anaomba ukuta wangu wa kijani. Bosi kasema mradi kazi iende. Nilihama kabla hajamaliza kusema!

Nipo dirishani. Mawingu. Njiwa. Kiti kimya, nimekitia mafuta. Na kazi mpya nimepewa: chujio la chai. Bosi kaniambia mara mbili kwamba hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nimemwelewa vizuri sana.

Tatizo lake, chujio ni zito. Kila nikiligeuza linakwama, linaniharibia mawingu. Basi nimefungua kile kisanduku, nimeongeza nambari kidogo. Kidogo tu! Safari hii najua ninachofanya. Na limeanza kuelea, jamani, linazunguka pamoja na mawingu kwenye skrini, sijui lipi ni lipi.

Matundu siyaoni. Ni mwanga huu wa dirisha.