Hotuba ya Kuzindua Kimanowari cha Mvuke pale Husby, Sweden

Mheshimiwa Mchungaji, Mheshimiwa Shehe Jibril, Mheshimiwa yule dada mwenye ufunguo wa ukumbi, wazee wetu Warundi na Wakongomani wa Husby na wa Rinkeby, Wakenya mliofika kwa saa, yaani wawili, na mimi mwenyewe Mama Dative, Mwenyekiti wa Kamati ya Kimanowari, ambaye bila mimi hata kamati hakuna. (Makofi. Natacha mjukuu wangu, andika makofi, Jumamosi nikiisoma watapiga tu, chakula kitakuwa hakijatoka.)

Leo tunazindua sanamu ya mbao, mita tatu, ya kile kimanowari cha mvuke cha ziwa letu Tanganyika, kilichoundwa zamani za mababu kikaingia vita ile ya kwanza, Mjerumani na Mbelgiji, na ndani yake baba wa Mzee Valéry, huyu hapa mbele, katoka Hässelby na kigari chake cha kutembelea, alikuwa anatia kuni kwenye moto. Takwimu zetu ni za kitaalamu: mzinga mmoja, bomba la moshi moja, na ukipiga mzinga boti inarudi nyuma, sufuria ya maharage inamwagika, kwa hiyo mwaka mzima walipiga mara mbili, na mara moja shabaha ilikuwa kiboko. (Kicheko. Natacha anauliza, "Bibi, nani kakwambia?" Andika, mtoto, mheshimiwa haulizwi.)

Kamati imefanya mikutano kumi na mmoja ya stratejia na implementesheni. Mnatujua: maombi, halafu utambulisho, kila mtu jina lake, kwao wapi, aliingia Sweden mwaka gani, Mkongomani anaongeza bonjour, halafu mimi natumia dakika arobaini, kwa sababu goti langu nalo lina historia, na hapo yule dada anatokea na ufunguo, saa mbili imefika, tutoke. Mafanikio ni asilimia mia: tunafahamiana sana. (Vigelegele, viwili vitatu, tusizidishe.)

Semeni na mimi: Kimanowari, juu! Warundi na Wakongomani, moshi mmoja!

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Thierry seremala, ambaye angeitengeneza vizuri sana kama tungemwambia. (Hapa Mzee Valéry atauliza, "Dative mwanangu, sasa boti ya baba iko wapi?" Andika swali lake, usifute.)

Haipo, mzee wangu. Hata ubao hatujanunua. Na hayo ya vita nimetunga mwenyewe, maana mikutano yote ulikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, zamu yako haikufika hata mara moja, na jina la boti hakuna anayelijua hapa isipokuwa wewe, na una miaka tisini na moja. Shika maiki. Tuambie alivyokuambia baba yako, usiruke kitu. Mimi naketi.

(Natacha, kuanzia hapo unaandika ya kwake.)