Ombi la Kutangaza Vyumba Vyangu Viwili Kuwa Nchi ya Nje

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,

Pokea heshima zangu, ingawa kwa umri wewe ndiye ungeniamkia. Mimi ni mfua shuka wa hospitali na mama wa askari mmoja. Mlimpeleka nchi za watu kulinda amani kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu. Nilipouliza, mkanijibu kwa karatasi nzito, nzuri hata kufungia sabuni, kwamba vikosi vyetu vitabaki huko mpaka hali itengemae, na kwamba wenyeji ndio waliotuomba. Nimeipitia kwa kidole, neno kwa neno, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kwenye picha aliyonitumia, mwanangu analinda lango la hoteli. Ndani wamo wapatanishi. Wanaamka, wanakunywa chai, wanaahirisha kikao, wanalala. Kumbe amani ina usingizi mzito hivyo, na askari yupo ili isije ikaamshwa.

2. Pale langoni kuna bibi muuza chai. Kila asubuhi humwuliza mwanangu wataondoka lini. Mwanangu humrudishia swali, maana hata yeye anauliza hilo hilo. Bibi huyo ni mwenyeji, Mheshimiwa. Sasa mwenyeji aliyetuomba ni yupi, na chai yake anainywea wapi?

3. Mwaka jana baba yake alipofariki, mlisema hawezi kuja kuzika, lango litabaki wazi. Kaburi likafukiwa na majirani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sishangai.

4. Nimeelewa kwamba askari wetu hatumwi kulinda amani ila nchi ya nje. Basi naomba mtangaze vyumba vyangu viwili, pamoja na ua, kuwa nchi ya nje. Sifa zote ninazo. Mgogoro upo: mimi na wifi yangu, anayekaa nami ua mmoja, tunagombania kamba ya kuanikia, mwezi wa pili sasa hatusemeshani. Mpaka upo, ni kamba hiyo hiyo. Bendera ninazo arobaini kila siku, zote nyeupe.

5. Mimi kama mwenyeji naomba rasmi kikosi cha askari mmoja, yule ninayejua hata namba ya kiatu chake. Abaki mpaka hali itengemae, na naapa haitatengemaa nikiwa hai. Chakula juu yangu. Wapatanishi msilete, sina vitanda.

Wasalimie wote hapo wizarani, madereva, wapiga chapa, na yule aliyegonga mhuri upande upande. Nisalimie na wanao. Nasikia wote wapo nyumbani. Mungu awaweke hapo hapo.

Ni mimi, mama yako kwa umri,
Mkuu wa Nchi ya Vyumba Viwili

N.B. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko huu ni wa wifi. Sikuwa na mwingine wa kumwomba. Tulipofika namba tatu aliweka kalamu chini akalia, maana aliyezikwa ni kaka yake. Nikamwachia kamba yote. Kwa hiyo ugomvi hatuna tena; umeisha alasiri moja, bila askari wala hoteli. Tafadhali hilo usiliweke kwenye faili. Siku mwanangu akipanda ndege tutanuniana upya, tumeshakubaliana.