Bata Mzinga wa Karisa

Leo uso wangu nimeuacha ukumbini, na sina hamu ya kurudi kuuchukua.

Nianze panapouma. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua, alitoka kwake Tezo kuja Malindi kututazama siku mbili tatu. Huu mwezi wa pili. Chumba chetu kakichukua yeye na mwanawe, ambaye ndiye mke wangu. Mimi nalala sebuleni, kwenye kochi lililobonyea katikati, mgongo umekuwa kama ndoana. Na mkwe haulizwi waondoka lini. Mkwe huamkiwa, huinamiwa, hupishwa njia. Basi jana mwenyewe akasema, "Kesho jioni narudi kwangu." Nikakohoa ili nisicheke.

Leo asubuhi wakaja wageni hapa mtaani kwetu Shella, chama cha wataalamu wa kuchambua nafsi. Wametoka Nairobi kutuelimisha kuwa akili nayo huugua kama jino, na mtu asikae nayo kimya, aende akazungumze na anayejua kusikiliza. (Kama kuzungumza ni dawa, mimi ningepona tangu utotoni.) Ukumbi ukajaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Mkwe wangu akakaa nyuma kabisa, chini ya feni.

Daktari wao, binti mpole wa miwani, akasema, "Ndoto hutuonyesha yale tunayojificha wenyewe. Nani atatusimulia yake?"

Kimya.

Sasa mimi kimya cha watu wengi sikiwezi, hunitoa jasho. Lakini ndoto ningeitoa wapi, na silali? Nikamkumbuka Karisa, muuza nazi, aliyekaa ubavuni mwangu. Juzi tukinywa kahawa alinisimulia ndoto yake. Ndoto tamu, na mwenyewe ni mtu wa haya, angeiacha ioze bure. Nikasimama.

"Niliota bata mzinga kaingia chumbani mwangu. Kapanda kitandani, kajikung'uta, kakaa. Nikimfukuza, anitazama tu. Mwisho nikatoka mimi."

Watu wakacheka mpaka nikavimba kichwa. Karisa akanivuta kanzu. "We Athumani, hiyo si yangu?"

"Tulia, nimeiazima."

Nilidhani daktari ataiagua, anipe maana yake, nikae. Kumbe hawaagui wale. Wanakuuliza wewe.

"Mzee, usifikiri sana. Huyo bata mzinga anakukumbusha nani? Sema la kwanza lijalo."

Kisha akanyamaza. Akanitazama, akazidi kunyamaza. (Nimeambiwa baadaye ndiyo kazi yao hiyo, wanaisomea miaka.) Feni likazunguka. Mdomo wangu, Mungu ausamehe, ukafunguka wenyewe.

"Mama mkwe."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Vichwa vyote viligeuka nyuma, chini ya feni.

"Ndoto ni ya Karisa!" nikasema. "Mwenyewe huyu hapa!"

Karisa akainuka kwa adabu, kofia mkononi. "Daktari, mimi mkwe wangu alishafariki, Mungu amrehemu. Na kwangu mimi nalala kitandani."

Bi Mwanamvua naye akasimama, polepole, akiweka leso yake sawa. Daktari akamwahi. "Mama, hapa hakuna kosa. Mtu akilitamka linalomkera, ndipo anapoanza kupona. Sisi tutakuwa tukija kila mwezi, na ni vizuri jamaa zake wawe karibu naye."

"Na kupona huchukua muda gani, mwanangu?"

"Inategemea, mama. Wengine miezi. Wengine miaka."

Mkwe wangu akanitazama kwa jicho lile lile la bata.

"Maskini baba wa watu, kumbe mgonjwa. Na mimi nishafunga mizigo yangu. Basi, siondoki mpaka apone."

Nawaandikia haya nikiwa kochini, shimoni pangu. Mwenye kitanda cha kuazima aniambie. Mwenye kicheko akae nacho kwake.