Begi la Mama wa Kashozi

Leo nimejiaibisha, tena kwa kufuata kanuni. Nawaandikia nikiwa chumba cha walimu, mlango nimeufunga kwa ndani.

Wasionijua: naitwa Projestus, kwetu Nyanga, nafundisha sekondari moja ya bweni huku Muleba, na mwaka huu nimekabidhiwa nidhamu. (Niliomba mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.) Jumamosi hii natakiwa Kashozi, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Adventina. Wazee wangu walishakwenda na mshenga, wakapokelewa, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakarudi wakiimba. Kilichobaki ni mimi kuonekana. Mama mkwe mtarajiwa sikuwa nimewahi kumwona, naye alinijua kwa jina tu. Na kwetu Wahaya mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, humkodolei macho, huli mbele yake. Nilikuwa na wiki mbili za mazoezi ya kutazama chini.

Sasa leo ndiyo siku ya kupokea kidato cha kwanza na familia zao. Mwaka jana mapokezi yalitushinda. Watoto waliingiza karanga, ndizi za kuchoma na dagaa, na panya wa bweni wakanenepa hadi wakaacha kukimbia wakiona mtu. Mkuu wetu wa shule, mama mpole wa kutoka Iringa ambaye hasahau kitu, aliniambia mwaka huu hataki kusikia habari za panya. Nikamwambia aniachie mimi.

Saa moja asubuhi nilikuwa getini na meza, daftari na filimbi. Simu niliiacha kwenye droo, imezimwa, kwa sababu mwalimu wa zamu haruhusiwi kushika simu. (Kanuni hiyo niliitunga mimi.) Ukutani nikabandika nyingine kwa maandishi makubwa: chakula chochote kutoka nyumbani kitachukuliwa, na mwenye nacho aje mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu, na barua ya maelezo. Wazazi waliisoma kimya kimya. Nikajisikia mtu.

Mambo yakaenda vizuri. Nilikagua magodoro, ndoo na majembe. Nilikamata parachichi nane ndani ya buti za mvua na mtoto mmoja aliyejaza muhogo kwenye mto wa kulalia. Foleni ilikuwa ndefu na wazazi walianza kuniogopa, jambo ambalo, nasikitika kusema, lilinipendeza.

Saa tatu hivi akafika mama mmoja wa makamo, gauni la kitenge, mtandio mabegani, akiongozana na mjukuu wake wa kike. Sanduku la binti lilikuwa safi kabisa. Lakini pembeni kulikuwa na begi dogo la kahawia. Nikauliza ni la nani. Mama akasema ni lake, kwamba usiku atalala kwa dada yake hapa Muleba, kesho arudi Kashozi.

Kashozi! Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo kidogo akafikiri. Mimi nikafungua zipu.

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa shimizi. Jeupe, lina lesi chini. Nikaliinua juu ili nione kilichofichwa chini yake, foleni nzima ikiangalia, kisha nikalilaza mezani juu ya daftari. Na kweli, chini yake kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa vizuri. Kabla sijafungua kamba nilishajua kwa harufu. Senene, panzi wa kukaanga.

"Hao si wa mtoto, waitu," mama akasema taratibu, kwa heshima ya Kihaya. "Wana mwenyewe. Kuna mtu humu shuleni nimemletea."

"Kanuni ile pale ukutani, mama. Huyo mtu aje mwenyewe, na barua ya maelezo."

"Ni mtu wa heshima kwetu."

"Angekuwa na heshima angejua chakula hakipiti getini."

Mama akanitazama kwa muda mrefu. Nami, mwenye wiki mbili za mazoezi ya kutazama chini, nikamtazama vilevile.

Halafu nikaonja. Ilikuwa lazima, daftari linataka uhakika. Nikaandika: senene, kifurushi kimoja. Nikaonja tena kuthibitisha. Walikuwa watamu kiasi cha kukera, wamekauka vizuri, chumvi imekaa mahali pake. Nilisema kwa sauti, mdomo umejaa, kwamba aliyewakaanga anajua kazi yake. Mama alikuwa anakunja shimizi lake.

Kifurushi kikaenda chumba cha walimu. Kufikia mwisho wa chai ya saa nne kilikuwa kimebaki jani. Mwalimu wa Hesabu alisema alikula wachache. (Huyo ndiye anayefundisha kuhesabu.)

Saa tano tukakutana ukumbini. Mkuu akazikaribisha familia kwa maneno mazuri, kwamba hapa ni nyumbani na walimu ni wazazi wa pili wa watoto wao. Akatutambulisha mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ni mwalimu wetu wa nidhamu, Mwalimu Projestus Mutalemwa, kijana wa hapa hapa, wa Nyanga."

Nikasimama. Nikatabasamu lile tabasamu nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya Jumamosi.

Yule mama alikuwa mstari wa mbele. Alimwinamia jirani yake, akauliza kitu, akajibiwa. Kisha akashika mtandio, akaufunika uso wote, akageuza kiti na kunipa mgongo.

Ukumbi ule ulijaa Wahaya. Hakuna aliyehitaji maelezo, maana mwanamke wa makamo hafuniki uso namna ile kwa ajili ya mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa mkwe.  Halafu mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa kwenye foleni yangu asubuhi, akasema polepole, "Mungu wangu, na lile shimizi."

 Nilitamani kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wake.

Mkuu, ambaye hakuelewa chochote, akaniuliza kama mama anaumwa. Nikamnong'oneza kwamba haumwi, ni mama mkwe wangu. Mkuu akafurahi, mama wa watu! Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba leo tuna bahati, mama mkwe wa mwalimu wetu yumo, kwa hiyo Mwalimu ashuke ampe mkono mbele ya wazazi wote. Walimu wageni wakapiga makofi.

Nikashuka. Ningefanya nini? Nilipofika upande wa kulia, mama akageuza kiti kushoto. Nikaenda kushoto ili nimpishe, naye akadhani namfuata, akageuza kulia. Tulizunguka hivyo mara mbili, mikono nimeiweka nyuma, wazazi wa mstari wa mbele wakikunja miguu kutupisha. Mwishowe mjukuu wake akamshika mkono, wakatoka.

Nikarudi kuwasha simu. Kulikuwa na jumbe tatu za Adventina. Wa asubuhi: "Mama anamleta mtoto wa dada shuleni kwenu leo. Nimekukaangia senene mwenyewe, ukiwapata niambie." Wa saa nne: "Umewapata?" Wa saa sita: "Mama amenipigia."

Nilikaa nusu saa nzima kabla ya kumpigia.  Nikauliza kama Jumamosi ipo au nimwambie mshenga asihangaike. Nilikuwa karibu kulia, sifichi.

"Ipo," akasema. "Mama anasema kanuni ni kanuni. Uje mwenyewe, na barua ya maelezo."

Ndiyo ninayoiandika sasa. Senene nimewamaliza kwa aya mbili, kule kutazamana nimekuombea radhi, nimekwama kwenye shimizi. Mwenye neno la heshima la kuliita anisaidie kabla ya Jumamosi. Na atakayecheka akumbuke kwamba mwanawe atafika kidato cha kwanza, na mimi bado niko getini.