Raba Nyekundu Kwenye Njia ya Baba Mkwe

Jumapili, 1 Machi
Nimeacha chumvi, sukari na wali wa usiku, na kesho kutwa naanza kukimbia. Nimetangaza kanisani mbele ya kina mama wote, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Nesi alitupima presha baada ya ibada. Yangu ikawa juu. Akapima tena, akaniuliza umri. Thelathini na tano. Akasema mama, mapema yote hii? Nikiwa bado nameza mate, Prisca wa kwaya akasema kwa sauti kwamba ya kwake ni ya kisichana. Hapo nikasimama. Nikasema mwili ni hekalu la Bwana, na mimi hekalu langu naanza kulipiga deki. Vigelegele. Mwanangu Kisa, wa kwanza darasani kwao (naandika tu, sijisifu), akanishika mkono njia nzima akiniuliza kama nitakufa. Nikamwambia mama yako haendi popote.

Jumatatu, 2 Machi
Raba nyekundu na trakisuti, dukani kwa Mwasiti pale mjini. Mwasiti kasema nimekuwa kama mwalimu wa michezo. Alisema kabla sijalipa, lakini uso wake ulikuwa wa kweli. Mume wangu Lugano akauliza nitapita njia ipi. Ya kwenye kakao, ina kivuli. Akakuna kichwa, akasema hiyo ndiyo njia ya baba kwenda shambani. Nikamjibu nimeshaombea.

Jumanne, 3 Machi
Nimekutana na baba mkwe. Sisi Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mumewe, hamtazami, wala hatamki jina lake. Hata hapa siliandiki. Tangu niolewe namjua Mzee kwa kikohozi chake na kwa mikungu ya ndizi anayotuletea, anaiacha nyuma ya jiko na kuondoka. Leo nakata kona kwenye migomba, huyo hapo, panga mkononi. Nikaruka kwenye jaruba la mpunga, maji magotini, nikachutama. Naye masikini akageukia mkakao, kofia usoni. Mimi nasubiri apite, yeye anasubiri nipite. Mwishowe akakohoa, akarudi kwake bila kufika shambani. Raba moja imebaki kwenye tope. Nimeirudia mchana.

Jumatano, 4 Machi
Lugano kanuna. Anasema nimemfukuza baba yake njiani kama mbuzi, nitafute njia nyingine. Nyingine ina jua, na inapita mlangoni kwa Prisca, ambaye ataniona nikitembea pale ninapotakiwa kukimbia. Basi nimebuni. Kisa ana filimbi ya shule. Nitapuliza kila kona, Mzee asikie mapema, ajisitiri. Mila salama, hekalu salama. Akili hii Kisa hakuiokota barabarani.

Alhamisi, 5 Machi
Filimbi inafanya kazi. Nimepuliza, nikasikia majani yanavunjika, halafu kishindo, halafu kimya. Nimepita na macho chini, kwa heshima. Nikaona kofia tu, imekaa peke yake katikati ya njia. Nikairuka.

Ijumaa, 6 Machi
Mama mkwe amekuja. Hakukaa, na chai hakugusa. Kasema Mzee jana aliteleza mtaroni akikimbia filimbi. Hakuumia, ila shambani haendi tena. Daktari alishamwambia atembee kila asubuhi kwa ajili ya miguu yake, na leo hajatoka, miguu imevimba. Kakao imeiva, inaozea mtini. Nikauliza Mzee anasemaje juu yangu. Kasema amesema afya ya mkwe ni kubwa kuliko kakao, niachiwe njia. Halafu akanielekeza nyuma ya jiko. Mkungu wa ndizi alioutuma Mzee, mkubwa kuliko yote. Angenitukana ningelala. Nimekaa jikoni nikiutazama mpaka Kisa akaja kuniuliza kama presha imepanda.

Jumapili, 8 Machi
Baada ya ibada nimepeleka kuku na kofia ile, nimeiokota njiani, nimeifua na kuipiga pasi. Nikapiga magoti uani, mgongo kwenye mlango. Mzee yuko ndani. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kufika ndani, kwamba nimekosa, nilitaka kupona nikamsahau mgonjwa mwingine. Ndani kikohozi. Mama mkwe akaingia, akatoka, akasema Mzee anasema ndaga, asante yetu ya Kinyakyusa, asubuhi iwe yake, jioni iwe yangu. Ndaga na mimi. Nimerudi nikilia, nyepesi kama nimepungua kilo.

Jumatano, 11 Machi
Alfajiri nimesikia kikohozi chake kikipita kwenda shambani. Nikashukuru nikiwa kitandani. Ila kakao iliyoiva ni nyingi, mzee yule peke yake hataimaliza. Moyo ukaniuma. Na Prisca anasambaza kwamba nimeshaacha mazoezi.

Nimepata jibu la yote mawili. Nimewatangazia kina mama: tutakimbia wote kwa nyimbo mpaka shambani kwa Mzee, tumchumie kakao yake. Filimbi kila mtu yake. Lugano akauliza baba atajificha wapi mbele ya wanawake wote hao, nusu yao wakwe wa ukoo. Nikamjibu nimeshaombea. Jioni haifai, kina mama wanapika. Waje wote, hata Prisca, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.