Tani Tatu za Sponji

Dokta Takwimu hakuwa daktari wa kitu chochote, na takwimu zenyewe zilimpa usingizi. Alikuwa na shati jeupe, kompyuta isiyowaka na maneno ya kumwaga, na mtaji huo ulimtosha. Siku aliposikia kwamba mwenye kiwanda cha magodoro anahaha kwa sababu wateja wake wa nje wanadai ripoti ya taka, alipiga shati pasi akaenda zake.

Alikuwa na haraka. Jumamosi mama wa mchumba wake angekuja kukagua kiwanja alichojisifia, na mama huyo alishatamka wazi kwamba mwanawe haolewi na maneno matupu. Malipo ya ripoti yangetosha kumwaga msingi.

Wateja walitaka kujua taka ni za aina gani, zina uzito gani na zimekwenda wapi. Aina ilijulikana: vipande vya sponji, vilivyorundikwa nyuma ya kiwanda tangu enzi hizo. Uzito aliujua mtunza stoo, mama mmoja mpole aliyefunga miwani kwa kamba, ambaye watu wote walimwita Mama Mizani. Alikuwa amepima kila gunia akaandika daftarini. Jumla tani tatu.

Dokta nusura acheke. Tani tatu tu! Lori moja la mchanga linazidi hapo. Mlango wa nyuma hata hakuomba afunguliwe, maana msomi na vumbi wapi na wapi.

Zimekwenda wapi? Hapo kipaji kikawaka. Palepale alibuni kampuni ya kukusanya taka, akajiteua mkurugenzi, akaandika kwamba zote zimeshachukuliwa. Mama Mizani akauliza anwani ya kampuni, kwani wateja wana tabia ya kuchungulia kwenye ramani za mtandaoni. Dokta hakuwa na anwani nyingine duniani, akaandika ya kiwanja chake.

"Na hapa, mwanangu," Mama Mizani akasogeza karatasi nyingine, "saini kama mwenye eneo na mpokeaji wa taka. Bila hii ripoti haisimami."

Dokta akasaini kwa mbwembwe zote. Bosi akaahidi kwamba Jumamosi asubuhi atamfikishia mzigo wake kiwanjani, na Dokta akaguswa sana na huduma hiyo.

Jumamosi lori la kwanza lilipokata kona, alidhani bosi amemlipa kwa saruji. Likamwaga sponji. Likaja la pili, la tatu, la nne. Jamani, sponji haina uzito lakini ina kiburi! Tani tatu zilijaza malori kumi na moja, zikafunika kiwanja mpaka mipaka haionekani. Mama Mizani alishuka kwenye lori la mwisho akijipangusa.

"Sipokei mimi," Dokta akasema.

"Ulishapokea, mwanangu. Siku ile uliposaini."

Dokta akapiga hesabu ya kwanza ya kweli maishani mwake. Akiikana saini, ripoti ni ya kughushi na mghushi ni yeye. Akikubali, ripoti yake ni safi, na kila neno ndani yake limekuwa kweli. Malipo je? Yote yameliwa na nauli ya malori, akaambiwa, na bosi anamsalimu sana.

Mara mama wa mchumba akafika, vipande viwili vya sponji vilivyopeperushwa na upepo vimeshamkaa kichwani. Akauliza kiwanja ni cha nani. Dokta akanyoosha kidole kuonyesha mipaka, asiuone hata mmoja. Mama Mizani akaona huruma, akampa mgeni ile karatasi yenye saini ya mwenye eneo.

Mgeni akaisoma yote, taratibu.

"Kumbe kweli kiwanja ni chako," akasema. "Nilidhani unanidanganya."

Moyo wa Dokta ukaruka kwa furaha.

"Na hizi nazo ni zako. Vizuri. Siku nitakapoiona ardhi yenyewe, tutapanga harusi."

Akachomoa kipande kimoja kichwani mwake, akamkabidhi.

"Anza na hiki."